Kuitunza ls: Majina kwa Jicho, Majina kwa Programu

Wanaprogramu wenzangu, wasimamizi wa mifumo, na ninyi mnaotarajia kutuma kiraka chenu cha kwanza (badiliko la msimbo), karibuni.

Amri ya `ls` imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, na wakati huo tayari ilikuwa na `-l`, `-t`, `-a`, `-s` na `-d`. Kazi yake inasemeka kwa pumzi moja: fungua saraka, soma majina, yapange, yachape. Anayejifunza C anaweza kuiandika kwa jioni moja ikafanya kazi. Hata hivyo, faili la `ls.c` katika GNU coreutils, mkusanyiko wa amri za msingi za mifumo ya GNU/Linux, limepita mistari 5,000, na bado watu wanaligusa toleo baada ya toleo. Mistari hiyo ina sababu zake, na asiyezijua huja na kiraka cha kurahisisha kinachorudisha kasoro iliyokwisha kutibiwa zamani.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja, na mengine yote yataning'inia hapo. `ls` ina wasomaji wawili: jicho la mtu aliyekaa mbele ya skrini, na programu nyingine iliyo upande wa pili wa paipu, ile alama ya `|` inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine. Hawataki kitu kimoja. Badiliko linalompendeza wa kwanza linaweza kumvunja wa pili, na wa pili hana mdomo wa kulalamika. Anakosea kimyakimya hadi mtu agundue nakala za akiba hazikuchukuliwa.

Tuanze na namna inavyowatambua. Inapoanza, `ls` huuliza kama mkondo wake wa matokeo umeunganishwa na terminali. Jibu likiwa ndiyo, majina hupangwa kwa safu wima, majina yenye herufi za ajabu huwekewa nukuu, na rangi huwashwa ikiwa umeandika `--color=auto`. Jibu likiwa hapana, kila jina hukaa mstari wake na baiti hutoka kama zilivyo kwenye diski. Ndiyo maana `ls` peke yake na `ls | cat` hutoa sura mbili kwenye saraka ileile. Unapokagua kiraka, endesha zote mbili kila mara. Anayekagua kwenye terminali tu ameona nusu ya programu.

Kwenye safu wima, kosa linalorudi kila mara ni kuhesabu baiti badala ya nafasi za skrini. Katika UTF-8, herufi nyingi za Kichina zina baiti 3 na huchukua nafasi 2. Alama ya mkazo inayopandishwa juu ya herufi iliyotangulia ina baiti 2 na haichukui nafasi yoyote. Ukitumia `strlen`, ambayo huhesabu baiti, safu zinapinda. Na usisahau kwamba upana wa dirisha unaweza usijulikane kabisa. Hapo `ls` hutumia 80.

Sasa nukuu, kwa sababu hapa ndipo utaona wasomaji wawili wakivutana waziwazi. Hadi toleo la 8.24, faili lenye jina `ripoti ya mwaka.txt` lilionekana kwenye skrini bila alama yoyote. Mtu aliyeona `ripoti ya mwaka.txt` katikati ya safu hakuweza kujua kama ni faili moja au matatu. Akinakili jina na kulibandika baada ya `rm`, sheli, programu inayosoma amri unazoandika, ingesoma maneno matatu, na kama kweli lilikuwapo faili jingine linaloitwa `ripoti`, limekwenda. Toleo la 8.25, la Januari 2016, lilianza kuweka nukuu za sheli kwa majina yanayozihitaji: `'ripoti ya mwaka.txt'`. Sasa ukinakili na kubandika, unapata faili lilelile.

Watu wengi walikasirika. Walisema orodha imechafuka, wakasema mazoea ya miaka mingi yamevunjwa. Kwa maoni yangu badiliko lilikuwa sahihi, na sababu yangu ni namna lilivyofanywa: liligusa terminali tu. Hakuna skripti iliyosoma `ls` kupitia paipu ikapata nukuu ambazo haikuzitarajia. Asiyezitaka anaandika `-N`, au anaweka `QUOTING_STYLE=literal` katika mazingira yake, na yamekwisha. Baadaye iliongezwa nafasi moja mbele ya majina yasiyo na nukuu, ili herufi za kwanza zisimame kwenye mstari mmoja. Ni jambo dogo, lakini jicho linaliona mara moja.

Tulitazame jina moja baya kwa karibu. Katika saraka tupu andika:

`touch "$(printf 'a\nb')"`

Umetengeneza faili moja ambalo jina lake lina `a`, mstari mpya, na `b`. Unix inaruhusu baiti yoyote katika jina isipokuwa mkwaju na sifuri. Sasa andika `ls | wc -l`. Jibu ni 2. Faili ni moja, hesabu ni mbili, na `ls` haijakosea popote: imetoa baiti kama zilivyo, kama ilivyoahidi. Kwenye terminali utaona `'a'$'\n''b'`, maandishi ambayo sheli ikiyasoma italipata faili lenyewe. Kwa programu, dawa ni `ls --zero`, iliyokuja na toleo la 9.0, ambayo humaliza kila jina kwa baiti ya sifuri. Hiyo ndiyo baiti pekee isiyoweza kuwamo ndani ya jina wala njia, kwa hiyo msomaji hawezi kuchanganyikiwa. Kabla ya hapo jibu letu lilikuwa kumwambia mtu atumie `find -print0`, na bado ni jibu zuri pale ambapo skripti itaendeshwa kwenye mashine za zamani.

Tuingie kwenye gharama. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kasoro nyingi za `ls` zinazowaumiza watu kazini ni za mwendo, na nyingi zinatokana na mwito mmoja wa mfumo (ombi la programu kwa kerneli, kiini cha mfumo) uliowekwa ndani ya kitanzi.

Chukua saraka yenye mafaili 100,000, kila jina likiwa na herufi 12. Kwenye Linux, kila ingizo katika majibu ya `getdents64`, mwito wa kusoma saraka, lina baiti 19 za mwanzo, kisha jina, kisha baiti ya sifuri, halafu jumla hupandishwa hadi igawanyike kwa 8. Kwa herufi 12 hiyo ni 19 na 12 na 1, yaani baiti 32 kamili. Maktaba ya glibc kwa kawaida huomba bafa ya baiti 32,768, kwa hiyo kila mwito hurudisha maingizo 1,024. Saraka nzima inasomwa kwa miito kama 100. Ndiyo gharama ya `ls` tupu: miito kama 100 ya kusoma, upangaji, na kuandika.

Ongeza `-l`. Sasa kila faili linahitaji mwito wake, `statx` au `lstat`, ili kujua ruhusa, mmiliki, ukubwa na tarehe. Miito 100 imekuwa 100,000, na mara nyingi unaongezeka mwito mwingine kwa kila faili wa kuuliza sifa za ziada, ili kujua kama mwishoni mwa ruhusa pawekwe alama ya `+` ya orodha ya ruhusa au nukta ya SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux. Kwenye diski ya ndani yenye kumbukumbu iliyokwisha kupashwa moto, hutaona tofauti kubwa. Kwenye mfumo wa mafaili wa mtandaoni, ambako kila mwito unaweza kwenda na kurudi kwa milisekunde moja, 100,000 ni sekunde 100 za kukodolea skrini iliyoganda. Mtumiaji husema seva imekufa. Haijakufa, inajibu swali lilelile mara laki moja.

Rangi ndizo mtego mbaya zaidi, kwa sababu mtumiaji hajui kama ameomba kitu cha ghali. Mifumo mingi ya Linux huja na `ls` ikiwa imefanywa kuwa lakabu, yaani jina la badala, la `ls --color=auto`. Ili kujua kama ingizo ni saraka au simlinki (faili linaloelekeza kwenye jingine), `ls` haihitaji `statx`. Kerneli hutaja aina katika uga wa `d_type` ndani ya majibu ya `getdents64`. Lakini kuipaka programu rangi ya kijani kunahitaji biti za ruhusa, na hizo `d_type` haina. Basi kwa rangi za kawaida kila faili la kawaida linaulizwa. Ukizima rangi zinazotegemea ruhusa ndani ya `LS_COLORS`, kigeu cha mazingira chenye orodha ya rangi, kwa kuweka `ex=00:su=00:sg=00:ca=00` pamoja na zile za saraka zenye ruhusa maalumu, na ukizima pia ile ya simlinki zilizovunjika (`or=00`), `ls` inaweza kupaka rangi saraka na simlinki bila kuita `statx` kwa kila faili. Jipimie mwenyewe kwa `strace`, inayohesabu miito ya mfumo:

`strace -c ls --color=always > /dev/null`

Soma safu ya idadi ya miito. Kisha rudia bila `--color=always`. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bei ya kijani. Katika majaribio ya coreutils kuna moja, `tests/ls/stat-free-color.sh`, linalofanya jambo hilohilo: huendesha `ls` chini ya `strace` na kuhesabu miito. Akitokea mtu akaongeza `stat` kwa bahati mbaya, jaribio huanguka siku hiyohiyo. Ningependa kila mradi wa namna hii uwe na jaribio linalohesabu miito, kwa sababu uzito wa aina hii hauonekani kwenye majaribio yanayolinganisha maandishi tu. Matokeo ni sahihi kabisa, yamechelewa tu.

Tahadhari moja kuhusu `d_type`: baadhi ya mifumo ya mafaili hurudisha `DT_UNKNOWN`, maana yake aina haijulikani. Msimbo wowote unaotegemea uga huo lazima uwe na njia ya pili ya kuuliza `lstat`. Nimeona viraka vinavyosahau jambo hili vikifanya kazi vizuri kwenye mashine ya aliyeviandika, na huko tu.

Toleo la 9.1, la mwaka 2022, lina mfano mzuri wa kuboresha kwa kuondoa. Kwa miaka mingi `ls` ilikuwa ikiyapa rangi yake mafaili yenye uwezo maalumu wa kerneli, yaani programu zilizopewa sehemu ya mamlaka ya msimamizi. Kulijua hilo kulihitaji kusoma sifa za ziada za kila faili, na watunzaji walipima wakaona kazi kwa kila faili inaongezeka kwa asilimia 30 hivi. Mafaili yenye uwezo huo ni machache mno kwenye mfumo wa kawaida. Rangi hiyo ikazimwa katika hali ya kawaida; anayeihitaji anaiwasha mwenyewe katika `LS_COLORS`, na mkaguzi wa usalama ana `getcap`. Kuondoa kitu kilichowekwa na mtu kwa nia njema ni kigumu kuliko kuongeza, na ni kazi ya utunzaji vilevile.

Zipo akiba ndogondogo ndani ya `ls.c` zinazostahili heshima. Ya kwanza: mfumo wa mafaili ukijibu mara moja kwamba hauna sifa za ziada, `ls` hukumbuka namba ya kifaa hicho na haiulizi tena kwa faili linalofuata la kifaa hichohicho. Ya pili: namba ya mmiliki ikishatafsiriwa kuwa jina, tafsiri huhifadhiwa. Bila hiyo, saraka ya mafaili 100,000 ya mtu mmoja ingeuliza jina lake mara 100,000, na pale ambapo majina hutoka kwenye seva ya mbali, hilo ni janga. Mtu akikuletea malalamiko kwamba `ls -l` inakwama, mwambie ajaribu `ls -n` kwanza. Ikiwa `-n` ni ya haraka na `-l` ni ya polepole, tatizo liko kwenye huduma ya majina, wala diski isilaumiwe.

Kumbukumbu nayo. `ls` lazima ishikilie majina yote kabla ya kuchapa la kwanza, kwa kuwa inapanga, na kwa kuwa `-l` inahitaji kujua ukubwa wenye tarakimu nyingi zaidi ili safu zilingane. Kwenye saraka yenye mamilioni ya maingizo hilo linaonekana. Ipo njia moja iliyotengenezwa makusudi: `ls -U1`. Haipangi, haina safu za kulinganisha, kwa hiyo huchapa kila jina inapolipata na kulisahau. Kumbukumbu inayotumika haikui hata saraka ikikua. Unapoongeza chaguo jipya, angalia kama haujaifunga njia hii. Ni sharti fupi ndani ya msimbo na ni rahisi kulivunja.

Upangaji wa kawaida hufuata lugha iliyowekwa kwenye mazingira, kupitia `strcoll`. Katika `LC_ALL=C` herufi kubwa zote hutangulia ndogo kwa sababu kinachofuatwa ni thamani ya baiti. Katika mipangilio mingi ya lugha nyingine, kubwa na ndogo huchanganyika. Skripti iliyotegemea mpangilio wa mashine moja huharibika kwenye nyingine, na dawa ni kuandika `LC_ALL=C ls` ndani ya skripti. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalitarajii: `strcoll` inaweza kushindwa, kwa mfano jina likiwa na baiti zisizo halali katika lugha hiyo. `ls` ya GNU ikikutana na hilo katikati ya upangaji, huruka nje kwa `longjmp` na kuanza upya kwa `strcmp`, inayolinganisha baiti tu. Msimbo huo unaonekana mbaya machoni, na kila baada ya muda mtu hutaka kuusafisha. Kabla ya kuusafisha, eleza upangaji utafanya nini pale ambapo kulinganisha majina mawili hakuna jibu.

Tarehe nitazipita haraka, ila kanuni ya miezi sita lazima isemwe kwa sababu watu wengi huiona kama kasoro. `ls -l` huonyesha saa kwa faili la karibuni na mwaka kwa faili la zamani. Mpaka ni nusu ya sekunde 31,556,952, ambazo ni mwaka wa siku 365.2425. Faili lenye tarehe ya mbele ya sasa nalo huonyeshwa kwa mwaka. Kwa hiyo seva ambayo saa yake iko nyuma itakuonyesha mwaka kwenye faili lililoandikwa sasa hivi kutoka mashine nyingine, na ukiona hivyo, kagua saa. Skripti inayokata safu ya nane ya `ls -l` ikitarajia saa itapata mwaka pindi faili litakapozeeka. Tumia `--time-style=long-iso` kwa jicho, na `stat` au `find -printf` kwa programu.

Na ule mstari wa `total` si jumla ya ukubwa wa mafaili. Ni jumla ya vitalu vilivyokaliwa kwenye diski. GNU huhesabu kwa vipande vya baiti 1,024, na POSIX, kiwango cha mifumo ya Unix, inataka 512, kwa hiyo ukiweka `POSIXLY_CORRECT` namba huongezeka maradufu bila faili kubadilika. `-h` nayo hupandisha juu kila mara: faili la baiti 1,025 huonekana `1.1K`. Si kosa: ni ili mtu asije akadhani faili litaenea mahali lisipoenea.

Sasa niwaonyeshe toleo lenye masomo mengi kuliko yote niliyoyataja: 8.32, la Machi 2020. Mabadiliko matatu, yote yalikuwa na nia nzuri.

La kwanza lilihusu saraka iliyofutwa. Ukiwa ndani ya saraka, mtu mwingine akaifuta, kisha wewe ukaandika `ls`, hupati kitu chochote: hakuna majina, hakuna kosa. Sababu ni kwamba kerneli hurudisha kosa la `ENOENT`, lakini glibc hulichukulia kama mwisho wa saraka na kunyamaza. Katika 8.32, `ls` ikawa inakagua: ikiwa haikuona ingizo lolote, hata `.` na `..`, inauliza kerneli moja kwa moja na kutoa ujumbe wa kosa. Kwa jicho la mtu hilo linasaidia. Lakini skripti zinazoorodhesha saraka ambazo nyingine zinafuta kwa wakati uleule zilikuwa zinapita salama, na sasa zikaanza kupata kosa. Toleo la 9.0 lilirudisha tabia ya zamani.

La pili limo ndani ya la kwanza. Kuuliza kerneli moja kwa moja kulifanywa kwa mwito wa zamani, `SYS_getdents`. Kwenye aarch64, yaani vichakataji vya ARM vya biti 64, mwito huo haupo. Kuna `getdents64` pekee. Msimbo ukakataa kukusanywa kwenye mashine hizo. Hakuna jaribio lolote kwenye x86-64 ambalo lingeligundua hilo. Ukiandika mwito wa mfumo bila kupitia maktaba, kusanya angalau kwenye usanifu mmoja mwingine kabla ya kutuma.

La tatu lilikuwa la kimya zaidi. `ls` ilihama kutoka `lstat` kwenda `statx`, kwa kuwa `statx` inaruhusu kuomba sehemu unazozihitaji tu, na kwenye baadhi ya mifumo ya mtandaoni hilo linapunguza safari. Faida ya kweli. Lakini `lstat` kwenye Linux haisababishi mfumo wa mafaili kuunganishwa wenyewe, ilhali `statx` bila bendera ya `AT_NO_AUTOMOUNT` inaweza kusababisha. Kwa hiyo kuorodhesha saraka yenye sehemu nyingi za kuunganisha kukawa kunaziamsha zote. Marekebisho yalikuja katika 9.1, bendera moja tu. Unapobadilisha mwito kwa mwito unaofanana nao, soma ukurasa wa mwongozo wa yote miwili, aya kwa aya, utafute kile ambacho wa zamani ulikuwa haukifanyi.

Machaguo. Katika `ls` ya GNU, herufi ndogo zilizobaki bila kazi ni nne: `e`, `j`, `y` na `z`. Kwa hiyo ukitaka chaguo jipya, litakuwa refu, na utaulizwa kwa nini mtu asitumie `find`, `stat` au `sort`. Swali hilo si dharau. Hata chaguo refu lina madhara: maktaba huruhusu kufupisha, na mtu fulani mahali fulani ameandika `--col=never` kwenye skripti kwa kuwa hakuna chaguo jingine linaloanza hivyo isipokuwa `--color`. Siku ukiongeza `--columns`, skripti yake inakatika. Angalia pia ndugu wa BSD: huko `-G` huwasha rangi, kwa GNU huficha kundi, huko `-T` huonyesha tarehe kamili, kwa GNU huweka upana wa tabu. Migongano hiyo haiwezi kuondolewa tena. Kinachowezekana ni kutoongeza mingine.

Ukitaka jambo linaloonyesha jinsi njia ya mkato inavyodumu, ni ile nukta. Nia ya kwanza ilikuwa kuficha maingizo mawili tu, `.` na `..`. Msimbo ulioandikwa ukakagua herufi ya kwanza tu: ikiwa ni nukta, ruka. Ulinganisho mmoja wa herufi, na kila jina linaloanza kwa nukta likafichika. Programu zikaona hapo mahali pazuri pa kuweka mipangilio yao, na leo hakuna anayeweza kulisahihisha bila kubomoa nyumba ya kila mtumiaji. `-A` ipo kwa ajili yetu tunaotaka kuona yote isipokuwa hayo mawili.

Kwa atakayeanza kazi, hatua ni hizi. Chukua msimbo kutoka kwenye hazina ya git, endesha `./bootstrap`, kisha `./configure`, kisha `make`. Andika jaribio kwanza katika `tests/ls/`, ulione likianguka kwenye `ls` ya sasa, ndipo uguse `ls.c`. Endesha lile moja:

`make check TESTS=tests/ls/jaribio-lako.sh SUBDIRS=. VERBOSE=yes`

Kisha endesha yote, na `make syntax-check` ambayo hukamata makosa ya mtindo. Kumbuka msimbo uleule hutengeneza programu tatu, `ls`, `dir` na `vdir`, kwa hiyo kagua zote. Kiraka kinachobadilisha tabia kinatakiwa kije na maelezo katika `NEWS`, katika mwongozo ulio ndani ya `doc/coreutils.texi`, na katika maandishi ya `--help`. Kikikosa kimoja, kitarudishwa.

Orodha yangu ya kukagua, ambayo naomba muitumie hata kwa `ls` iliyoandikwa kwa Rust au lugha nyingine yoyote, inaanza na thamani ya kutoka. 0 ni salama. 1 ni tatizo dogo, kama saraka ya ndani iliyokataa kufunguliwa wakati wa `-R`. 2 ni tatizo kubwa, kama jina lililotajwa kwenye amri ambalo halipo. Skripti hutegemea tofauti ya 1 na 2. Kisha bonyeza Ctrl-C katikati ya orodha ndefu yenye rangi: terminali isibaki nyekundu. `ls` ya GNU hushika ishara, hurudisha rangi ya kawaida, kisha hujitumia ishara ileile ili ife kwa namna ambayo sheli inaitarajia. Fanya vivyo hivyo kwa Ctrl-Z. Kisha jaribu `-R` yenye `-L` kwenye simlinki inayorudi kwa mzazi wake. `Ls` hukumbuka kifaa na inodi, yaani namba ya utambulisho, ya kila saraka iliyo wazi, na inapokutana nayo tena hulalamika na kuendelea na nyingine.

La mwisho kwenye orodha ni hili, na programu nyingi mpya huanguka hapa:

`ls > /dev/full; echo $?`

Kifaa hicho hukubali kufunguliwa na hukataa kila uandishi kwa kusema nafasi imekwisha. Matokeo yakiwa mafupi, yote hukaa kwenye bafa hadi programu inapofunga, na programu isiyokagua kufunga hutoka na 0 ilhali haijaandika hata baiti moja. `ls` ya GNU hukagua inapofunga, hutoa ujumbe, na hutoka na 2. Jaribuni kwenye mashine zenu sasa hivi, kisha tupokee maswali.